Kidole kwenye Barabara ya Korongo

Huku Tarrabeen ukikutana na gari barabarani unainua kidole. Kimoja tu, cha shahada, na mkono haubanduki kwenye usukani. Ukipunga mkono mzima watakuuliza kama unazama. Usipoinua kabisa, basi wewe ni mtu wa mjini, au una jambo na mwenye gari lile, na jua likizama baa nzima itakuwa inalijua jambo lenyewe kukushinda wewe.

Lorna Pascoe huwafundisha wageni wake kidole hicho kabla hata hawajaonja mvinyo. Kila Jumamosi anawapokea stesheni wakishuka kwenye treni ya Melbourne, anawapakia kwenye kibasi chake cheupe, anawazungusha mashamba ya mizabibu, anawashusha kwenye bekari ya Glenys wale pai za nyama, kisha anawapandisha mahali pa juu wapige picha. Jioni anawarudisha kwenye treni yao wakiwa wekundu kama majani ya mizabibu ya Aprili.

Jumamosi hiyo alikuwa na wauguzi wanne wa kike waliokuja kusherehekea kupandishwa cheo kwa mwenzao Tamsin, na mzee mmoja, Zoltan, aliyevaa suti na tai kana kwamba anakwenda kuposa. Watoto wake walimnunulia tiketi siku yake ya kuzaliwa, atoke kidogo kwenye nyumba anayoishi peke yake. Miguu ilikuwa inamsumbua, kwa hiyo Lorna alimkalisha mbele, kushoto kwake.

"Hivi?" Mzee Zoltan aliuliza asubuhi, akainua kidole kama mwanafunzi anayeomba ruhusa ya kwenda chooni.

"Kidogo tu, mzee wangu. Kama huna habari naye."

"Lakini nina habari naye."

"Ndiyo, lakini usimwonyeshe."

Wauguzi wakacheka mpaka chupa zikagongana. Kufika shamba la tatu la mizabibu mzee alikuwa ameshaiva. Alisalimu matrekta, alisalimu gari la posta, akamsalimu na ng'ombe mmoja aliyetoa kichwa nje ya uzio. Kila akiinua kidole nyuma walishangilia, na Lorna naye alicheka. Tangu afiwe, siku za kucheka zilikuwa za kuhesabu.

Saa ya pai ndipo mambo yalipoharibika. Glenys alimvuta Lorna pembeni ya tanuri, unga umemjaa hadi kwenye nyusi.

"Barabara ya chini imefungwa. Lori la marobota ya nyasi limelala ubavu darajani. Hawatalitoa leo."

"Nitapita wapi sasa?"

Glenys akafuta meza ambayo ilikuwa safi. "Unajua utapita wapi."

Alijua. Ilibaki Barabara ya Korongo, ile ya changarawe inayopanda mlima na kuteremkia stesheni upande wa pili. Lorna hakuwa ameikanyaga tangu mwaka juzi, tangu Des.

Des Pascoe, mumewe, alikuwa mkata manyoya ya kondoo, mwenye mikono kama mizizi, na alikuwa na ugonjwa mmoja: hawezi kulipita gari lililosimama. Hata kama mwenye gari amesimama kujisaidia vichakani, Des atapunguza mwendo, atashusha kioo, atauliza, "Uko sawa hapo?" Na wewe utajibu, "Niko sawa, asante, endelea," naye atagonga mlango wa pikapu yake kwa kiganja, paa paa, aende zake. Ndiyo desturi ya huku, wote tunauliza, lakini Des alizidi. Ukimwambia hukuwa sawa, umempata. Atashuka na sanduku lake la spana, na hataondoka mpaka gari liwake, hata kama nyumbani chakula kinapoa na mke ananuna. Alikufa hivyohivyo. Alimkuta mtu wa mjini ametobokewa na tairi kwenye kona ya mkaratusi uliopigwa radi, akapiga jeki, akafunga tairi la akiba, akakaa chini avute pumzi, hakuinuka tena. Lorna hadi leo akiliwaza tairi lile anataka kulitukana.

Baada ya mazishi watu wakaanza kumwona. Pikapu ya kijani, taa moja imekufa, inateremka Korongo mchana kweupe, na dereva anainua kidole. Wa kwanza alikuwa mpeleka barua. Yeye alibana mikono kwenye usukani, akafika nyumbani, akajifunika blanketi siku mbili.

Wazee wa huku wanasema mtu aliyefia barabarani huchelewa kujua kwamba safari yake imekwisha. Anasalimu kwa mazoea. Usipomjibu atapita, na siku moja hataonekana tena. Ukimjibu atageuza gari, akufuate.

"Usimjibu," Glenys alisema. "Mwenzangu, nakuomba."

"Kwani nimesema nitamjibu?"

"Mdomo haujasema. Macho yamesema. Unamkumbuka Clarrie Oxley?"

Nani asiyemkumbuka? Clarrie alimjibu kaka yake marehemu, kule njia ya mabwawa. Asubuhi walimkuta ameketi kando ya gari lake, spana mkononi, anatabasamu, ameshapoa. Gari lilikuwa zima kabisa. Boneti ilikuwa wazi.

"Mtu hafungui boneti ya gari zima," Glenys alisema. "Aliulizwa kama yuko sawa, akasema hapana. Basi kaka yake akashuka kumsaidia, na hakuondoka tena, na Clarrie naye hakuondoka."

"Glenys, nina treni ya kuwahi."

"Nenda. Lakini mikono yako yote miwili, Lorna."

Wakapanda. Mizabibu ikaishia chini, ikaanza miti mitupu ya mikaratusi yenye magome yanayoning'inia kama nguo zilizochanika. Wauguzi waliimba kidogo, wakanyamaza wenyewe. Changarawe ililia chini ya magurudumu, na vumbi lilisimama nyuma yao kama ukuta. Mwezi mzima mvua ilikuwa haijanyesha. Kwenye barabara hiyo gari unaliona kwa vumbi lake kabla ya kuliona lenyewe.

Lorna alibana usukani mpaka vifundo vikawa vyeupe. Aliogopa, ndiyo. Lakini tusidanganyane: alikuwa pia amejitazama kwenye kioo cha bekari na kuzitengeneza nywele. Miaka miwili anapitia njia ndefu, miaka miwili anajiambia ni kwa sababu ya hofu, na sasa mlima ulipomkaribia moyo wake ulikuwa umeshatangulia mbele ya kibasi. Angemwona tu. Hangeinua kidole. Kumwona tu, basi.

Pikapu ilitokea kwenye kona ya mkaratusi uliopigwa radi. Ya kijani. Taa moja. Ilikuja kwa mwendo ule wake wa kizembe, na nyuma yake hakukuwa na vumbi hata chembe.

"Nani yule anakuja?" Mzee Zoltan aliuliza.

"Hakuna mtu," Lorna alisema.

"Mbona namwona?"

Kofia ilikuwa ileile, yenye ukingo ulioliwa na mbuzi wa jirani. Kidole cha Des kikainuka kwenye usukani, kidogo tu, kama huna habari na mtu. Kidole cha Lorna kiliwasha. Kililia kabisa kile kidole. Alikikandamiza kwa kidole gumba, akauma mdomo, akatazama mbele, na alikuwa karibu kushinda.

Mzee Zoltan akainua cha kwake.

"Mchana mwema, kijana!" akasema kwa furaha.

Ee Mungu wangu. Kutwa nzima alikuwa anawafundisha, na hakukumbuka kuwaonya. Alikiwaza kidole chake tu. Kwenye kioo cha nyuma, ndani ya vumbi la kibasi, aliziona taa za breki zikiwaka nyekundu. Pikapu ikasimama. Ikarudi nyuma kidogo, ikaanza kugeuza.

"Mzee, umefanya nini?"

"Nimemsalimu. Si ndivyo ulivyotufundisha?"

Na kweli, ndivyo alivyowafundisha. Atamwambia nini? Mzee wa watu, miguu mibovu, suti ya kuposa, atafuatwa hadi Melbourne na mtu anayetaka kujua kama yuko sawa. Na mzee kama yule, anayelala peke yake, akiulizwa swali hilo usiku, atajibu nini?

Pikapu ilikuwa inakuja, taa yake moja ndani ya kioo. Hapo Lorna akakumbuka jambo ambalo hakuna aliyelijua kumzidi yeye. Des hawezi kulipita gari lililosimama. Na anayeulizwa ni dereva.

Akakata usukani, akaegesha pembeni, pale njia ya miguu inapopandia jabali la kutazama bonde. Ndipo alipokuwa akiwaleta wageni zamani, kabla ya yote.

"Shukeni mkapige picha. Haya, haya, jua linakimbia!"

"Kuna nini, mama?" Tamsin aliuliza. Alikuwa amelewa lakini si mjinga.

"Injini imechemka, inapumzika. Mchukueni na mzee. Msirudi mpaka nipige honi."

Wauguzi wawili wakamshika Mzee Zoltan mkono huku na huku, naye akaenda kati yao kama bwana harusi. Lorna akabaki. Hakushuka, wala boneti hakuigusa.

Pikapu ikaja ikasimama ubavuni mwake, dirisha kwa dirisha, katikati ya barabara, kama tunavyosimama huku tukiwa na maneno. Injini yake ilikuwa inanguruma lakini changarawe chini yake haikutikisika. Kioo kikashuka. Harufu ya mafuta ya manyoya ya kondoo ikaingia ndani ya kibasi, ile harufu aliyoisugua kwenye mashuka miaka yote ya ndoa akilalamika, na ambayo sasa angeilipia chochote.

Des akamtazama. Alikuwa na uso wa mtu aliyeendesha siku nyingi bila kulala.

"Uko sawa hapo?"

Hakusema Lorna. Hakusema mke wangu. Aliuliza kama anavyomuuliza yeyote, na hilo ndilo lililomchoma.

Jibu la kweli lilikuwa mdomoni, limejaa. Siko sawa, Des. Mfereji wa bafuni unavuja tangu ulipoondoka. Nalala upande wangu wa kitanda kama mgeni. Napika viazi vya watu wawili, navitupa. Siko sawa hata kidogo. Angesema hivyo tu, naye angezima injini, angeshuka na sanduku lake, angekaa. Wangemkuta asubuhi akitabasamu, na hilo halikumtisha. Alilitaka. Nasema alilitaka, tena sana.

Huko juu jabalini wauguzi walipiga vigelegele, na sauti ya Mzee Zoltan ikasikika ikiwaambia wakae mbali na ukingo, wataanguka, watoto gani hawa.

Walikuwa wamekunywa tangu asubuhi, wote wanne. Mzee hawezi kukanyaga klachi. Giza lingewakuta juu ya mlima, baridi ya Aprili, na dereva wao amepoa kwenye usukani. Nani angewashusha? Des mwenyewe, angekuwa hai, asingemsamehe mtu anayeacha watu juu ya mlima.

"Niko sawa, Des," Lorna alisema. "Asante. Wewe endelea."

Hakuondoka. Alimtazama kwa yale macho ya fundi anayesikiliza injini na kusikia kitu.

"Kweli?"

"Kweli. Wageni wangu wanapiga picha tu. Endelea, baba."

Des akatikisa kichwa taratibu. Akatoa mkono nje, akagonga mlango wa pikapu kwa kiganja, paa paa. Halafu akainua kidole, na Lorna akainua chake, juu kabisa, aone nani atamkataza. Pikapu ikaondoka. Aliitazama mpaka kwenye mkaratusi uliopigwa radi, na pale konani haikukata kona. Haikuwepo tena.

Ndipo akaupiga usukani ngumi, akamtukana Des, akalitukana tairi la mtu wa mjini, akalia mpaka kamasi.

Waliporudi alikuwa ameshajifuta. Mzee Zoltan alipanda kwa shida, akafunga mkanda, akamtazama.

"Yule kijana amekuja? Alikuwa anataka nini?"

"Kujua kama niko sawa."

"Ukamwambiaje?"

"Nikamwambia niko sawa."

Mzee akachomoa kitambaa kwenye mfuko wa koti, kile cha kupendeza, akampa. "Mimi nilimwambia hivyo mke wangu, hospitalini," alisema. "Aliniamini, maskini."

"Huyu hakuamini," Lorna alisema. "Lakini amekwenda."

Treni waliiwahi. Wauguzi walimkumbatia mmoja mmoja, na mzee, treni ilipoanza kutembea, aliinua kidole dirishani, kidogo tu, vizuri kabisa.

Lori la nyasi liliondolewa kesho yake, na barabara ya chini ikafunguliwa. Lorna haipiti. Kila Jumamosi anawapandisha wageni Korongo, na Glenys amechoka kumkanya. Mpeleka barua naye anapita, anasema njia ni nyeupe sasa, hamna kitu. Wiki iliyopita, kwenye kona ya mkaratusi, kidole cha Lorna kiliinuka chenyewe. Mgeni aliyekaa mbele akachungulia barabara iliyo mbele, tupu, bila vumbi.

"Unamsalimu nani, mama?"

Lorna alingoja kidogo, akitazama.

"Hakuna mtu," alisema, na mara hii hakuwa anadanganya.