Elfu Sita na Mia Nne

800

Wewe unayesoma, ziangalie namba zilizo juu ya vipande hivi. Ni za mshale unaoonyesha injini inazunguka mara ngapi kwa dakika. Zitapanda. Mahali fulani zitagoma kupanda, na hapo ndipo utakapomjua Fundi Kidawa ni mtu wa namna gani.

1,500

TANGAZO

Chama cha Mbio za Magari cha Mashamba ya Mkonge kinawaarifu washiriki kuwa Mbio za Saa Sita zitaanza saa tatu kamili asubuhi na kumalizika saa tisa alasiri.

Kifungu cha 14: Mshindani yeyote akilalamika kwa maandishi, injini ya mshindi itafunguliwa mbele ya mashahidi. Atakayekataa atanyang'anywa ushindi.

Watazamaji wanaombwa kutokalia marobota ya katani.

2,300

Fundi Kidawa Shekimweri wa Tanga mjini alikuwa na gari jeupe, kuukuu, la silinda sita, jina lake Bibi Harusi. Juu ya injini ilikaa supachaja, yaani kipuliza kinachozungushwa na mkanda na kuishindilia injini hewa ambayo haikuiomba. Injini yenyewe waliiunga wawili, yeye na mumewe Sufiani, miaka minane nyuma. Sufiani alikaza bolti. Kidawa akapitisha mstari mwekundu wa rangi ya kucha kutoka kichwa cha kila bolti hadi kwenye chuma, ili bolti ikiguswa mstari ukatike. Kikomo akakiweka Sufiani: mizunguko elfu sita na mia nne, basi.

Mwezi uliofuata Sufiani akafariki kwa homa.

Tangu hapo hakuna spana iliyogusa bolti zile. Watu walidhani ni ufundi tu. Tuseme ukweli, yalikuwa mapenzi.

3,100

Mbaruku, mdogo wake marehemu, ndiye dereva.

— Shemeji, niachie elfu saba tu.

— Hapana.

— Injinia Lukindo wa Muheza anapiga elfu saba na mia nane!

— Nisikilize. Ukiongeza mizunguko mara mbili, lile kono linaloshika pistoni halivutwi mara mbili, linavutwa mara nne. Na kipuliza kikipita pale hakikuletei hewa, kinakuletea joto. Nguvu zetu ziko huku chini. Kule juu tunafuata nini?

— Sifa, shemeji.

— Utazikuta kwenye mstari wa kumalizia. Panda gari.

4,400

YALIYOSIKIKA KWENYE MAROBOTA
(watu waliyakalia, kama kawaida)

"Hilo jeupe linapeleka posa?"

"Mwali hakimbii, bwana."

"Fundi wake anaionea huruma injini. Si angebaki nayo nyumbani!"

"La Lukindo linavyolia, sikia! Sikia!"

5,600

Saa ya nne ya mbio. Lukindo alikuwa amewazidi raundi mbili.

Kidawa alisimama pembeni ya mkonge akisikiliza. Bibi Harusi lilipanda, likapanda, likafika pale pale, kikomo kikaikata injini, trrr, Mbaruku akabadili gia. Kila alipoisikia ile trrr moyo wake ulitulia. Lakini sauti ya gari la Lukindo ilikuwa tamu mno, na yeye fundi, ana masikio, na wivu ukamng'ata. Akajiuliza kama anailinda injini au anamlinda marehemu.

6,400

(kwenye redio)

"Shemeji, ananipita tena. Kuna swichi chini ya usukani, ya kuondoa kikomo. Nimeiona. Shemeji? Naibonye—"

"Ibonyeze, halafu urudi Tanga kwa miguu."

6,400

trrr

6,400

trrr

6,400

KIPAZA SAUTI: "Saa ya tano na dakika arobaini, na gari la Injinia Lukindo… jamani! Moshi! Kono limetoboa ubavu wa injini, ndugu watazamaji, limetoka nje kutusalimia! Dereva mzima, anashuka. Mbio za sakafuni huishia ukingoni! Na nani huyu anayepita taratibu na shela lake? Nani huyu?"

6,400

Bibi

Harusi.

0

MALALAMIKO

Mimi, Inj. F. Lukindo, nalalamika kwa mujibu wa kifungu cha 14. Hakuna injini yenye supachaja inayodumu misimu minane bila kufunguliwa. Hii imebadilishwa kwa siri. Ifunguliwe.

0

Mbaruku alimsogelea Kidawa akanong'ona.

— Liache kombe, shemeji. Mkono wa kaka ubaki ulipo. Mimi sitanung'unika.

Kidawa aliitazama mistari yake myekundu. Akikataa, kombe linakwenda, na hilo angelimeza. Lakini watu wangesema injini ya Sufiani ilikuwa ya uongo, na hilo hakuliweza. Akashika spana mwenyewe.

Bolti ya kwanza iligoma, kisha ikaachia. Rangi ikabanduka vipande vidogo vidogo, vikamganda vidoleni. Alilia waziwazi, mbele ya kadamnasi, huku akifungua ya pili, na ya tatu, mpaka ya mwisho.

Mkaguzi akamulika tochi ndani ya silinda.

Akaita:

— Lukindo, njoo.

Kwenye ukuta wa silinda kulikuwa na michirizi myembamba iliyopishana, ile anayoichora fundi kwa jiwe la kusugulia ili oili ipate pa kushika. Injini inayokamuliwa huifuta mapema, ukuta ukabaki unang'aa kama kioo. Hapa ilikuwepo yote. Silinda zote sita.

Lukindo aliinama muda mrefu. Alipoinuka alikuwa amevua kofia.

— Sisi wengine michirizi yetu imelala. Hii imesimama, ya mtu anayepandisha na kushusha jiwe kwa mkono wa haraka. Huyu ni Sufiani. Ndiye aliyenisugulia injini yangu ya kwanza. Fundi, nisamehe.

0

UAMUZI

Malalamiko yametupwa. Injini ni ile ile. Uchakavu: haupimiki kwa vifaa tulivyonavyo.

(Kutoka kwenye marobota: vigelegele, virefu, mpaka karani akaacha kuandika.)

800

Alhamisi asubuhi, gereji. Injini imefungwa upya na inanguruma polepole. Safari hii bolti zimekazwa na Kidawa.

Mbaruku amekaa na kompyuta mapajani.

— Kikomo, shemeji? Niandike kile kile?

Miaka minane alikuwa hajui ndani kumebaki nini. Sasa ameona kwa macho yake. Namba ile aliiweka mtu mwangalifu ambaye hakupewa muda wa kurudi kutazama. Yeye amepewa.

Akazibua chupa ya rangi ya kucha. Akapitisha mstari mwekundu kwenye bolti ya kwanza, akaupuliza ukauke. Kisha akacheka, kicheko ambacho Mbaruku alikuwa hajakisikia tangu msiba.

— Kipandishe kidogo. Andika elfu sita na mia—

6,