Baada ya "Nzuri"

Jina la Kandambili alilipata shuleni, kwa kuwa alivaa ndara mbili za rangi tofauti, zote za mguu wa kushoto. Baba alikufa mapema. Mama alilima vibarua kwenye mashamba ya watu, na dada mtu akaacha shule ili mdogo wake asome. Walilala njaa wote watatu, lakini daftari lake halikukosekana.

Ubunge aliupata kwa masikio. Wagombea wenzake walikuja na vipaza sauti. Yeye aliketi kwenye vigoda vya watu. Tangu utotoni mama alimfundisha kwamba mtu atakujibu "nzuri" hata paa likiwaka moto, kwa hiyo ukishamsalimu, ngoja, sema "enhe", maana habari yenyewe huja baadaye. Naye alingoja. Watu wakafika kwenye "ila" zao: ila kisima kimekauka, ila mtoto kafukuzwa shule. Wakasema huyu ndiye wetu, wakampa kura.

Cheo ni dhamana, walisema wahenga. Kwa Kandambili kiligeuka kuwa haraka tupu. Akawa anagawa salamu huku anatembea, kama anayewarushia kuku mtama.

Ndipo mama akaugua, akalazwa, hali ikawa mbaya. Aliomba jambo moja tu, amwone mwanawe kabla hajafumba macho. Simu zilipokewa na msaidizi, na kila mara mheshimiwa yuko kikaoni. Dada akafunga safari mpaka ofisini. Katibu muhtasi alipomuuliza shida yake, alisema ni ya nyumbani, kwani ugonjwa wa mama hautangazwi kwa mtu baki. Akakaa kwenye benchi la ukumbini tangu asubuhi, mkoba mapajani.

Mchana mlango ukafunguka, Kandambili akatoka katikati ya wageni, simu sikioni.

"Aa, dada. Habari za nyumbani?"

"Nzuri," dada akajibu, akiinuka.

"Haya, vizuri. Nitakutafuta."

Akashuka ngazi. Dada alibaki amesimama na "ila" yake mdomoni, na alipofika nje gari lilishaondoka.

Kandambili alikuja kwenye msiba wa mama na msafara wa magari. Alimvuta dada yake kando, akalia, akamlaumu: kwa nini hakupiga kelele, kwa nini hakumkamata hata shati?

"Nilikujibu alivyotufundisha mama," dada akasema. "Nikangoja useme enhe."

Akauliza mama alisema nini mwishoni.

"Aliuliza kama umefika. Tukamwambia uko njiani."

Dada akarudi jikoni, kulikuwa na watu wa kulishwa. Kandambili aliketi mkekani kupokea pole. Jirani mmoja, mzee aliyewahi kumweleza habari za kisima hadi kiza kikaingia, akainama kumpa mkono.

"Pole sana, mheshimiwa. Na habari za kazi?"

"Nzuri," Kandambili akasema, akaung'ang'ania ule mkono, akingoja.

Mzee akautoa taratibu, akasogea kwa aliyefuata.