Waya wa Pasi Sebuleni kwa Baba Mkwe

Mdomo wangu ndio ulioniponza. Nilikwenda kujitambulisha kwa baba wa mchumba wangu, nimenyoosha hadi soksi, na mzee aliposikia mimi ni fundi redio akanionyesha waya wa spika zake, mnene kama mpira wa kumwagilia bustani.

"Umeme hupita kwenye ngozi ya waya," akasema. "Katikati hauingii. Ndiyo maana huu umesukwa kwa nyuzi mia, kila uzi na ngozi yake. Sauti nyembamba zinapita zote."

Ningeitikia tu nikanywa chai yangu. Wapi! "Baba, hayo ni kweli kwa mawimbi ya redio. Kwa sauti tunazosikia, na waya wa hatua tatu, kinachopotea hakisikiki. Hata waya wa pasi unatosha."

Mchumba wangu alinikanyaga mguu, lakini maneno yalishatoka.

"Waya wa pasi?" Mzee akaweka kikombe chini. "Haya. Binti yangu atabadilisha nyaya nyuma ya pazia, mara tano. Nikiutambua wangu, wewe na nyumba hii basi."

Santuri ikaanza, tarumbeta na ngoma. Mara ya kwanza mzee akafumba macho: "Wa pasi. Sauti imekabwa koo." Ya pili: "Huu wangu! Sikia hayo matoazi!" Nikasikiliza, na Mungu anisamehe, matoazi yalimeremeta kweli. Ya tatu, wa pasi. Ya nne na ya tano, wake, tena bila wasiwasi hata chembe. Na kila alichosikia yeye, nilikisikia mimi. Nilijiona nikirudi nyumbani peke yangu, sina mke, sina hata hamu ya kushika redio.

Mchumba wangu akatoka nyuma ya pazia, kiganja mdomoni, mabega yakimtikisika kwa kicheko. "Baba, tangu mara ya kwanza sikubadilisha kitu. Mara zote tano ni wa pasi."

Mzee akanigeukia. "Na wewe, fundi? Hukusikia tofauti?"

Ningeweza kudanganya nikaondoka mshindi. "Niliisikia, baba. Ile ya pili ilinisisimua mwili mzima."

Mzee akacheka hadi miwani ikadondoka.

"Kumbe masikio yetu ni ya ukoo mmoja!" Akamgeukia binti yake. "Kamwite mama yako aje amwone mkwe wake."