Silinda Namba Moja

Mama alitamka mara moja tu, na Mama hakuwa mtu wa kurudia maneno: Jumamosi saa sita mchana, gari litoke stoo kwa magurudumu yake lenyewe, la sivyo mnunuzi wa vyuma chakavu alibebe. Lilikuwa limekalia stoo ile miaka ishirini na miwili. Baba alilifungua bolti kwa bolti akiahidi kulifufua, akafariki likiwa mifupa mitupu.

Binti yake hakutishika. Mtaa mzima ulimwita Dokta, maana alikuwa ametengeneza malori miaka thelathini na injini iliyomshinda ilikuwa haijaundwa bado. Kwa miezi minane alikuwa amekwangua kutu, akafunga breki mpya, akashona viti kwa mkono wake. Majirani waliokuwa wakilicheka gari sasa walipita wakilichungulia. Kazi ya plagi na waya zake alimwachia kaka yake, fundi mstaafu wa injini za meli, mtu mwenye maneno mengi kuliko spana.

Jumamosi ilipofika, saa tano na robo, lori la chakavu lilikuwa tayari limeziba geti. Mwenye lori alikaa juu ya tairi akila karanga, hana haraka.

Dokta akapiga stata. Injini ikazunguka, ikakohoa, ikatema moto kwenye kabureta, ikanyamaza. Akarudia. Ikatema tena.

"Petroli chafu hiyo," kaka akatoa hukumu.

"Petroli nimeichuja mwenyewe, kaka."

"Basi kabureta."

"Kabureta yangu usiitie mdomoni!"

Dokta akalitazama lori getini. Chini ya gari hili ndipo alipojifunza kushika spana, amelala ubavuni mwa Baba, na leo lingeondoka vipandevipande akitazama. Hapana, akajiambia. Injini haina kinyongo na mtu. Ikigoma, ina sababu.

Akafungua plagi ya silinda ya mbele, akaziba tundu kwa kidole gumba, akamwambia kaka azungushe injini polepole kwa mkono. Upepo ulipomsukuma kidole, akajua pistoni iko juu na cheche inatakiwa hapo hapo. Akainua kifuniko cha distribyuta, kigawa cheche, akafuata waya. Cheche ilikuwa inapelekwa silinda ya nyuma kabisa.

"Kaka, silinda namba moja ni ipi?"

"Swali gani hilo? Si hii!" Akagusa ya nyuma, iliyo karibu na giaboksi. "Melini tulianzia huku maisha yangu yote."

"Malori yote niliyoyashika yanaanzia huku kwenye feni. Na hili pia."

Wakatazamana. Miezi minane katika chumba kimoja, mmoja anahesabu akienda, mwenzake anahesabu akirudi! Dokta akacheka hadi akashikilia boneti. Kaka alinuna kidogo, kisha naye akaangua kicheko, wakahamisha waya zote nne.

Saa sita kasoro dakika nane, injini iliwaka kwa mkupuo wa kwanza. Ilinguruma kwa utulivu, bila kukohoa hata kidogo. Mwenye chakavu akakung'uta maganda ya karanga, akalisogeza lori lake bila kuambiwa.

Dokta alipolitoa gari stoo hadi uani, Mama alikuwa amesimama mlangoni na mkoba begani, amevaa viatu vya kutokea. Akafungua mlango wa mbele, akaketi, akamwonyesha mwanawe wa kiume kiti cha nyuma kwa kidevu.

"Mama, si ulisema hulitaki?" Dokta akauliza.

"Nilisema litoke. Baba yenu alikuwa akiniambia, wiki ijayo nitakutembeza. Wiki ijayo hiyo nimeingoja mpaka nimezeeka. Nilitaka nipande, au niache kungoja."

Dokta akaweka mkono juu ya gia. Miezi yote ile alidhani anamfanyia kazi Baba.

"Alikuwa akupeleke wapi?"

"Hakuwahi kusema," Mama akajibu, akivuta mlango. "Wewe endesha tu, mwanangu."