Punje Nyeupe katika Muundi wa Ketura

Mfuniko wa sufuria uligusa sakafu, ukalia kidogo, ukanyamaza. Medius akafumbua macho gizani. Mfuniko haukumtia shaka, maana jikoni kwa mama mkwe wake huko Bwera panya hawakosi. Kilichomtoa usingizi kabisa ni kile kilichofuata: nyayo. Moja, mbili, moja, mbili, laini juu ya udongo, zikitoka jikoni kurudi kitandani. Kwa wiki tisa mwendo wa binti yake ulikuwa ni gongo, gongo, mguu mmoja. Huu haukuwa mwendo huo.

"Ketura?"

"Nilienda kunywa maji tu, mama."

"Magongo yako wapi?"

Aliyejibu ni Tabisa, nyanya yake Ketura, kutoka upande wa pili wa pazia, sauti nzito ya usingizi lakini haina wasiwasi hata chembe. "Yako nyuma ya mlango. Ametembea siku ya tatu sasa. Lala, kutakucha uone mwenyewe."

Medius hakulala. Alinyoosha mkono, akaupata mguu wa mtoto chini ya blanketi, akaushika mpaka kulipopambazuka.

Mguu huo ulikuwa na historia ndefu kuliko mwenyewe, aliyekuwa na miaka saba tu. Ulianza kwa jipu, jipu likawa usaha ndani ya mfupa, na usaha ukaula muundi mpaka kipande kizima kikafa. Hospitalini Kasese madaktari walikitoa, kikabaki kishimo kirefu kama kidole cha mtu mzima. Ndipo walipomweleza Medius habari za utafiti. Watoto wengine wangejaziwa shimo kwa mfupa wao wenyewe uliokwanguliwa kwenye nyonga, wengine kwa punje za mfupa wa kutengenezwa. Nani apate nini, ingeamua bahasha iliyofungwa, kama kura. Bahasha ya Ketura ilisema punje. Daktari alizionyesha ndani ya kichupa: nyeupe, zenye kukwaruza, kama chumvi ya ziwa Katwe kabla haijasagwa.

Fomu ya ridhaa Medius aliisoma mwenyewe, kidole chini ya kila mstari. Mwalimu wake wa masomo ya jioni alikuwa amewaambia wasitie saini kwenye jambo ambalo macho yao hayajapita. Kwa hiyo alijua mambo mawili vizuri kabisa. La kwanza, mtoto asikanyagie mguu ule kabla ya wiki kumi na mbili kwisha. La pili, asiyefuata masharti anaweza kuondolewa katika utafiti.

Wiki ya sita plasta kubwa ilitolewa, Ketura akafungwa nusu plasta kwa bendeji. Medius anashona nguo sokoni Kasese mchana, jioni yuko darasani, na mumewe yuko safarini na malori. Akampeleka mtoto kwa nyanya. Angempeleka wapi kwingine? Jioni ya kuamkia usiku huo alikuwa amekuja kumchukua, ampeleke hospitali kwa picha ya wiki ya tisa.

Asubuhi alimkuta Tabisa uani, anatupia kuku mtama.

"Mama, umemfanya nini mtoto?"

"Nimemfanya atembee. Umeniletea mtoto wa magongo, unachukua mtoto wa miguu, na bado unanikunjia uso." Akamwonyesha tetea mmoja mwekundu mwenye kitambaa kilichofungwa mguuni. "Huyo hapo. Nilimvunja jioni ileile uliyomleta Ketura, nikamfunga kwa majani yale yale niliyomfunga mtoto. Akasinzia pale siku kumi na nane. Siku ya kumi na tisa akainuka, akamfukuza jogoo wa jirani mpaka barabarani! Nikamwambia Ketura, haya, na wewe shuka."

Medius hakuwa mgeni wa jambo hilo. Ndivyo Tabisa alivyounga watu mifupa miaka yote: kuku akikanyaga, mgonjwa naye anakanyaga. Watu walitoka Kisinga kumfuata.

"Daktari alisema wiki kumi na mbili, mama."

"Daktari ana kuku?"

"Mama!"

"Nakuuliza. Ana kuku, au ana karatasi? Afande mzima alilia kwenye mkeka wangu kama mtoto, na leo anapiga gwaride." Kisha Tabisa akaacha kutupa mtama. Alikuwa ameuona uso wa mkaza mwanawe, na sauti yake ikashuka. "Lakini usinitaje huko, mwanangu. Watasema mwanamke wa Bwera amemvunja mjukuu wake."

Medius na Ketura walifika Kasese bati za hospitali zikiwa zimeshaanza kuwaka jua. Kwenye benchi alikaa mwanamke mmoja Mkongomani, amempakata mvulana mwenye bendeji pajani. Alijiita Emérance, wa Butembo.

"Mama, wako ndiye banatiaka ile mufupa ya kutengeneza?" aliuliza. "Wangu batamuandika leo. Iko na tundu mu mufupa tangu tulikimbia. Inaunga kweli?"

"Inaunga," Medius alisema.

Sista Naimah, muuguzi wa utafiti, aliwaita ndani akafungua faili. Yeye na Daktari Drani, aliyeonyesha zile punje, hawakujua Lhukonzo, lugha ya kwao Medius, na Kiingereza cha Medius hakikuwa cha kwenda nacho mbali, kwa hiyo wote walikutana kwenye Kiswahili.

"Kuna dawa nyingine alipewa? Majani, mafuta, chochote?"

"Hapana."

"Amekanyagia mguu?"

Ketura aliinua macho akamtazama mama yake.

"Hapana," alisema Medius.

Kalamu ikapita mara mbili, fyu, fyu, na uongo wake ukawa maandishi.

Picha ya mguu ilipotoka, Daktari Drani aliibandika kwenye taa ukutani, akaikodolea macho. Kisha akamwita Medius karibu.

"Tazama. Hizi ndizo punje. Huu ukungu unaozizunguka ni mfupa wa mtoto mwenyewe, umeanza kuzipanda. Ni vizuri sana hapo." Kidole chake kikashuka. "Lakini huu mstari mwembamba unaokata hapa, huu ni ufa. Mguu usiokanyagia chini haupasuki hivi kama punje ni imara, na mmesema hajakanyaga. Basi ni punje zenyewe hazina nguvu." Alivua miwani akajifuta macho. "Na huyu ni wa tatu mwenye ufa kama huu. Wiki ijayo tumrudishe kwenye upasuaji, tuzitoe zote, tukachukue mfupa kwenye nyonga. Sista, huyo mtoto wa Butembo asiandikwe leo. Tusubiri kwanza."

Mlango ulikuwa wazi. Emérance alisikia, akamvuta mtoto wake kifuani.

Medius alibaki ameutazama ule ukungu. Ulikuwa mzuri, jamani. Kitu hai kilichokuwa kinajijenga gizani ndani ya mtoto wake wakati yeye anakata vitambaa, na wiki ijayo kingekwanguliwa kitupwe kwa sababu ya neno alilolisema yeye. Akisema, watamwondoa Ketura, na Tabisa, mzee wa watu, ataaibika. Asiposema, watampasua mtoto kwa kosa ambalo si la punje.

"Sista," alisema. "Irudishe ile karatasi. Nimedanganya."

Akaeleza yote: majani, kuku, siku kumi na nane, jogoo wa jirani. Alisema mikono imefungamana mbele yake kama aliye mbele ya polisi. Sista Naimah alifunika mdomo. Daktari Drani hakucheka.

"Kwetu Arua pia wazee walikuwa na kuku wao," alisema. "Na punje hizi zilijaribiwa kwa mbuzi kabla hazijaingia kwa mtoto yeyote, kwa hiyo mama mkwe wako na mimi tulianzia mahali pamoja. Ila mbuzi wale walitobolewa shimo kama la Ketura. Kuku wa mama alivunjika tu. Mfupa wake ulikuwepo wote, uliachana, ukarudiana. Huyu hakuwa na mfupa wa kurudiana nao."

"Utatuondoa?"

"Nikiwaondoa wote waliotembea, nitabaki na watoto wa kwenye karatasi. Atabaki, na kosa lake litaandikwa. Sasa sina sababu ya kuzitoa punje. Tutamfunga plasta nzima, wiki nane nyingine. Ufa wa kukanyaga mara nyingi hujifunga. Siahidi, mama. Nasema mara nyingi." Akageukia mlango. "Sista, mwambie yule mama asiondoke. Wale wawili wa kwanza nao tuwaulize upya."

Kisha akaichukua kalamu mwenyewe. "Lazima niandike alitembea vipi, na ilikuwaje. Wewe hukuwepo. Aliyekuwepo ni huyu."

Ketura alijibana kwenye kiti. Alikuwa amemsikia mama yake akisema hapana mara mbili, na mtoto hujifunza upesi.

Medius alipiga magoti kwenye sementi mpaka macho yao yakalingana. "Sema kama ilivyokuwa, mama yangu. Nyanya hatagombezwa. Wewe hutapigwa. Mimi ndiye niliyesema vibaya."

Mtoto alimtazama, akamtazama daktari, akauweka mkono juu ya bendeji.

"Mguu uliniuma siku ya pili ya kutembea, nikanyamaza."