Mchonga Kisima wa Chatsworth

Ngome ilifika Chatsworth, kitongoji cha Wahindi kusini mwa Afrika, Jumanne moja, kabla ya teksi za kwanza kuteremka mjini. Ilitoka India ikiwa tayari gofu: ukuta umebomoka upande mmoja, lango halina mlango, na mlima wake ukiwa chini yake. Majirani walilalamika kwamba kivuli chake kinachelewesha nguo kukauka. Kamati ikaundwa, ikaweka kibanda cha tiketi na vibao vya historia.

Ngome haikutulia. Ngazi mia mbili za asubuhi zilikuwa mia mbili na arobaini mchana, na kuta zilijigeuza kama mtu aliyelalia mkono vibaya. Kidawa, mzaliwa wa Tanga, alishazoea. Kila Jumamosi aliwatembeza wageni wanaosema Kiswahili. Alikuwa kwenye majaribio, na hii ilikuwa Jumamosi yake ya mwisho. Dakta Omwenga, mhadhiri Mkenya aliyeandika vibao, alikuja kuamua kama Kidawa atapewa kazi. Bila kazi, kibali chake cha kukaa nchini kingekwisha mwezi huo. Masharti yalikuwa mawili: asome kibao kilivyo, na asiwasemeshe marehemu waliokuja na ngome.

"Dada, leo funga kinywa," alinong'ona Mireille, mkata tiketi kutoka Lubumbashi. "Ule docteur iko na kalamu."

Kwenye kisima cha mwambani, kibao kilisema mfalme alikichonga kwa msimu mmoja. Kando yake aliketi Machano, marehemu wa miaka mia nne, patasi mapajani. Wageni walizoea kumzunguka kama wanavyozunguka ndoo. Kidawa alisoma mpaka neno la mwisho. Kisha akapita mbele ya mzee, na mdomo ukamtangulia, kama ambavyo ungemtangulia yeyote aliyelelewa Tanga.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mwanangu. Huyo mfalme hakushika patasi hata siku moja."

Clementina, muuguzi kutoka Bukoba aliyekuja na wenzake wa kanisani, aligeuka. "Kumbe babu ni wa kwetu! Umefikaje huku?"

"Niliuzwa Kilwa. Tuliokichonga tulikuwa sitini na watatu. Thelathini wamo chini ya mwamba unaoukanyaga."

Clementina akainua mguu mmoja, asijue autue wapi.

"Mzee," alisema Omwenga, "una maandishi yoyote?"

Machano akamwonyesha viganja.

"Mikono si marejeleo."

"Basi mwite mfalme umpe patasi, tuone!" Clementina akadakia, na kundi zima likacheka.

Machano akasogea kidogo ili watu wapate kukipiga picha kibao.

Hadi saa tisa kamati ilikuwa imemvisha kizibao cha rangi ya machungwa, wageni wamdhanie mfagiaji. Alishukuru, kule juu kuna upepo. Kibao kilifutwa vumbi, kikaachwa palepale.

Kibandani, Omwenga alimsogezea Kidawa karatasi. Hakuwa na hasira. "Ni barua ya kuomba radhi. Tia sahihi, Jumatatu unaanza kazi."

Kidawa aliisoma yote, akairudisha.

"Nimemwamkia mtu mzima, na alichosema ni kweli."

"Andika basi kwamba ulipitiwa. Mstari mmoja tu, dada yangu. Fikiria kibali chako."

"Nimekifikiria tangu asubuhi. Sikupitiwa, Dakta. Siombi radhi."