Pilau ya Wapanga Mji

Kama kuna kazi iliyomzeesha Zuleha kabla ya siku zake, ni hii ya kuwafundisha watu wazima kusema wanachokitaka. Wiki nzima alikuwa akiwapitia nyumba kwa nyumba, kutoka Handsworth hadi Saltley, mitaa ya mji wa Kiingereza walikohamia, akiwakaririsha maneno yaleyale kama mwalimu wa chuoni na watoto wa alifu kwa kijiti. Tunataka ukumbi ndani ya jengo jipya. Basi. Msizunguke. Semeni mbele yao, waandike. Kila mtu aliitikia. Kila mtu alimwambia hilo dogo, mwanangu. Angekuwa na akili siku zile angeshtuka palepale, maana mtu wa kwao akikwambia jambo ni dogo, ujue halifanyi.

Jambo lenyewe lilikuwa hivi. Tramu ilikuwa imeanza kupita Handsworth miaka michache nyuma, lakini pembeni ya kituo bado palikuwa na gereji, magofu ya viwanda na uwanja wa magari mabovu. Ofisi ya mipango miji alikofanya kazi Zuleha ilipewa jukumu la kupachora upya pale pote: fleti juu, maduka chini, miti, na njia pana ya miguu mpaka kwenye jukwaa la tramu, ili watu wakae karibu na kituo na waachane na magari. Zuleha aliupenda mpango ule. Tatizo lake lilikuwa moja tu. Pale mchoro ulipoonyesha duka kubwa la vyakula, ndipo uliposimama ukumbi.

Ukumbi wenyewe haukuwa wa kujivunia. Ilikuwa karakana ya zamani ya skrubu, ya matofali mekundu, ambayo Waunguja waliikodi Jumamosi na kanisa la Wakongo likaikodi Jumapili. Hitima ya mama yake Zuleha ilisomwa mle. Harusi yake pia ilifanyika mle, ingawa hiyo hakupenda kuikumbuka. Ami yake, Mzee Idarous, ambaye ndiye mwenyekiti wa ukumbi, aliihamishia harusi hiyo ghala la nyuma dakika ya mwisho kwa kisa kwamba boila ya kupasha joto imeharibika na mafundi wako ndani. Bibi harusi aliketi kwenye harufu ya mafuta ya mashine, meno yakigongana. Muziki ulizimwa, ati majirani wamelalamika. Na pilau ikapunguka mbele ya wakwe, ati mpishi alikosea hesabu. Zuleha alikuwa ameolewa vizuri na mume wake hakuwa na neno, lakini donge la siku ile halikumtoka rohoni. Kila alipomwona ami yake na funguo za ukumbi mkononi, lilipanda.

Ndiyo sababu hakutaka jengo lile bovu libakizwe. Alitaka ukumbi mpya, wenye joto, chini ya fleti, badala ya duka. Na ungepatikana, kama wenyewe wangeutaka kwa vinywa vyao. Maneno ya wakaazi huandikwa na hupimwa. Maneno ya mfanyakazi wa ofisi ambaye ni mtoto wa nduguye mwenyekiti hayana uzito wowote.

Siku ya mkutano, mkuu wake wa kazi, Gurnam, Singasinga aliyezaliwa hapohapo Soho Road, alifika na mfano wa mtaa mpya uliotengenezwa kwa makaratasi magumu. Alikuwa kijana mwenye kilemba cha buluu na penseli nyuma ya sikio, na alikuja kwa nia njema kabisa. Ukumbi ulijaa. Mzee Idarous alisimama ndani ya kanzu na koti la baridi, akawakaribisha wageni, akawashukuru, akawaombea dua wao na wazazi wao. Akafuata Pasta Valère, mchungaji wa Wakongo.

"Bon," alisema, "siye tunasema tu aksanti. Mungu abariki plan yenu, na mikono yenye iliichora."

Kwaya ikaimba. Zuleha alikuwa akitafsiri huku akiwakodolea macho mmoja baada ya mwingine, na wao wakimrudishia tabasamu. Gurnam aliuliza kwa upole kama kuna lolote linalowatia wasiwasi. Zuleha akatafsiri, akalirudia swali, akalirudia tena kwa nyusi.

"Tuna wasiwasi mmoja," akasema Mzee Idarous, na moyo wa Zuleha ukaruka. "Mgeni wetu hajaongeza pilau."

Gurnam akaongeza pilau. Akaongeza tena. Akaondoka na sahani mbili zilizofunikwa karatasi ya fedha, anang'ara kama mtu aliyetoka kuposa akakubaliwa.

Tramu yake haijafika mjini, jikoni palikuwa pamechafuka. Mwanasiti, mpishi mkuu wa harusi zote, alikuwa anasugua sufuria kama anayeichuna ngozi. "Hawa watu wanataka kutuvunjia ukumbi, na sisi tunawafungia na chakula cha kwenda nacho." Wengine wakadakia. Duka la nini, maduka si yamejaa Soho Road? Na misiba itawekwa wapi, kwenye jukwaa la tramu?

Zuleha aliwasikiliza mpaka sikio likawasha.

"Kwa nini hamkuyasema haya nusu saa iliyopita? Mtu ameuliza! Nimelitafsiri swali mara tatu. Mficha uchi hazai, Ami."

Mzee Idarous aliishusha miwani yake. "Zuleha, mtu amekuja kwangu, amevua koti, sahani yangu iko mbele yake. Nimwambie kazi yako siitaki? Hata mtu anayekuja kuposa, na wewe humtaki, humwambii mlangoni. Unampa chai, anakwenda zake kwa heshima. Kisha jawabu hupelekwa na mshenga."

"Mshenga gani, Ami?"

Jiko zima likamgeukia yeye. Hata Mwanasiti aliacha kusugua.

"Mimi ninalipwa na haohao waposaji," alisema Zuleha, na akatoka nje kabla hajasema neno ambalo mtoto hamwambii ami yake.

Kesho yake Gurnam alikuwa na furaha isiyovumilika. Katika miaka yake yote ya kazi, alisema, hajaona wakaazi waliounga mkono mpango kwa moyo namna ile. Zuleha akamwambia hawauungi mkono, wanaulilia.

"Nani kasema?"

"Wote. Jikoni."

Gurnam aliweka penseli chini. Alikuwa mtu wa haki, na haki yake ndiyo iliyokuwa inachosha. "Niliwauliza, Zuleha. Waliimba. Nikiandika ulichosikia jikoni kwa ami yako, mwenye duka atasema nimependelea, na itakuwa kweli. Mchoro unakwenda halmashauri wiki ijayo. Walete hapa, waniambie wenyewe, nitaandika kila neno."

Kidogo Zuleha alipata matumaini. Hapa hawatakuwa wenyeji, alijiambia. Hakuna sahani yao, hakuna mlango wao. Watasema. Laiti angekumbuka kwamba asiye mwenyeji ni mgeni, na mgeni mwenye adabu haaibishi nyumba aliyokaribishwa.

Walikuja kwa tramu, Mzee Idarous na Pasta Valère, wamebeba trei la sambusa. Wakaisifu lifti. Wakausifu ukuta wa vioo. Mzee akamuuliza Gurnam hali ya mama yake, hali ya baba yake, na hali ya nyumba kwa jumla. Pasta aliutazama mchoro ukutani, ule uliofuta ukumbi wake, akatikisa kichwa kwa heshima. "C'est joli," alisema. "Ni muzuri kabisa." Zuleha alihisi machozi ya hasira yanakuja na akayarudisha kwa nguvu. Basi ukumbi umekwenda, alijiambia. Umekufa kwa adabu.

Gurnam naye, kwa nia njema ileile, akaanza kuwafariji. Kuhusu kanisa, alisema, wasiwe na shaka, amekwishawaulizia chumba cha shule huko Bordesley Green ambacho wangeweza kukikodi Jumapili. Zuleha akatafsiri bila kuinua macho.

Mzee Idarous akaiweka chini sambusa yake.

"Bordesley Green?"

"Ndiyo, Ami."

"Mabasi mawili." Akafikiri. "Mwambie kijana mpango wake mzuri, mimi sina neno. Lakini hawa ndugu. Bi Nabintu wa kanisani kwao hana magoti. Sasa hivi anashuka kwenye tramu, akiinua kichwa tu kaona mlango, kaingia, kakaa. Huko atafika lini? Na ile kwaya. Mwambie mimi kila Jumapili nalalamika kwamba wanapiga kelele, wallahi, na kila Jumapili napita pale makusudi. Chumba cha shule kitawatosha wapi?"

Zuleha alitafsiri, na safari hii aliinua macho. Miaka yote hajapata kumsikia ami yake akiisema ile kwaya ila kwa ubaya. Gurnam alikuwa ameshaitoa penseli sikioni.

Pasta Valère akasafisha koo. "Miye pia siko na pingamizi. Hata kidogo. Mais lakini, Papa huyu hawezi kujisemea, njo maana nitamusemea miye." Akamgeukia Zuleha. "Tafsiri, mwana wangu, pole pole."

Akaanza, na Zuleha akawa anampokea sentensi baada ya sentensi na kuipeleka kwa Kiingereza.

"Ile mwaka ya baridi kali, Maman Nabintu alipata simu. Mutoto wake amekufa kule Uvira. Nyumba yake ni chumba moya, juu kabisa. Batu ya kilio tutakaa wapi? Tukakuya ku salle, ku ukumbi. Ilikuwa Samedi, ile siku yenu, na hatukujua kama kuko harusi."

Zuleha alitafsiri. Sauti yake ilikuwa bado ya kazi.

"Tukafungua mulango, tukakuta maua, viti vya bibi harusi, kila kitu tayari. Tulipata haya, tukataka kurudi. Papa akasema, ikaleni. Akabeba vile viti na mikono yake mwenyewe, akapeleka kule nyuma, mu dépôt."

Hapo Zuleha akamtazama ami yake. Akasema kwa Kiingereza kwamba viti vilipelekwa ghalani.

"Akazimisha muziki yao yote. Kisha akatuletea pilau. Batu ya kilio tulikula pilau ya harusi. Na siye tulilia pole pole, kitambaa mu kinywa, juu bibi harusi asisikie."

Gurnam alikuwa akisubiri sentensi ile, na Zuleha alikuwa ameishika mdomoni haitoki. Mzee Idarous alikuwa anavitazama viatu vyake kama amevaa vya mtu mwingine. Mwishowe Zuleha akaisema, neno kwa neno, mpaka kile kitambaa.

"Na bibi harusi?" akauliza Gurnam. "Alijua?"

"Anajua sasa hivi," alisema Zuleha.

Gurnam alimtazama yeye, kisha akamtazama mzee. Halafu akawageukia mzee na pasta, akawauliza, maana sheria ni sheria, kama kwa hiyo wanalipinga duka.

"Hapana, hapana," wakasema wote wawili pamoja.

Zuleha akakiegemeza kipaji cha uso mezani. Lakini alisikia Gurnam akicheka, kicheko kidogo cha mtu aliyeona jambo la nyumbani kwao. "Mama yangu hajapata kusema ana njaa maisha yake yote," alisema. "Daima ni mgeni ndiye mwenye njaa. Nimekulia nayo, na nilikuwa nakula pilau yenu nisielewe kitu." Akainuka, akachukua ufutio, akafuta duka pale chini ya fleti. Mahali pake akaandika ukumbi, kisha akaketi na kuandika kila alichoombewa Mkongo na Muunguja na kila alichoombewa Muunguja na Mkongo. Halmashauri itaamua, alisema, lakini sasa ana maneno ya wakaazi ya kuipelekea.

Pasta aliwaaga, akaenda zake sokoni. Zuleha na ami yake wakasimama jukwaani kuisubiri tramu, trei tupu baina yao.

"Tumemkosea adabu yule kijana?" akauliza mzee. "Kesho umpelekee maandazi, umtake radhi."

"Ami. Miaka yote uliniambia boila."

"Boila nayo ilikuwa mbovu."

"Niliona aibu mbele ya wakwe zangu. Nimekukasirikia tangu siku ile, unajua?"

"Najua."

"Sasa kwa nini hukuniambia?"

"Siku ya harusi yako nikwambie kuna msiba mlango wa pili?"

"Na baada yake? Mwezi ukapita, mwaka ukapita, hukuwa na ulimi?"

Mzee Idarous aliiona tramu inakuja kwa mbali, akajifunga kifungo cha juu cha koti. "Wema wako hujisemei mwenyewe, mwanangu. Ungesema natafuta shukrani. Jambo kama lile lina mshenga wake." Akamwangalia kwa jicho la upande. "Si umeshaletewa leo?"

Zuleha alikuwa na maneno ya kumkaripia ya kutosha safari nzima mpaka Wolverhampton, mwisho wa reli. Milango ikafunguka. Akalichukua trei kutoka mikononi mwa ami yake, akamshika kiwiko, akampandisha.